Sista Aliyetuita kwa Makovu Yetu

Sista alikuwa na mikono baridi, na mimi nilikuwa na shingo moja tu. Hayo ndiyo niliyoyawaza kila Alhamisi nilipopanda ngazi za ile kliniki ndogo mjini Eldoret: kwamba nitalala chali kwenye kitanda chembamba, niinue kidevu, nifumbe macho, na mwanamke anayezungumza lugha niliyoisikia nje ya nyumba yetu ikiungua aniwekee vidole chini ya taya. Mimi ni mwoga. Sioni haja ya kulificha hilo, na yaliyotokea baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa mwaka wa 2008, hayakunipunguzia woga.

Kwa kumtazama, muuguzi yule hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, sweta yake ya buluu imekatika kifungo cha tatu. Alisema taratibu kama mtu anayemtuliza ng'ombe wakati wa kukamua. "Sogea. Geuka. Tulia hapo." Akikasirika, sauti ilishuka badala ya kupanda, ikabidi uinamishe sikio ili ugombezwe vizuri. Chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, na kati ya kijiko cha pili na cha tatu alituhutubia juu ya ubaya wa sukari.

Hakutuita kwa majina. Kadi zetu zilikuwa na majina kama kadi za kliniki yoyote, lakini yeye alizilaza kifudifudi mezani, kisha akaita kupitia mlango ulio wazi nusu: "Shingo, ingia! Goti, ngoja kidogo. Mkono, leo umefanya mazoezi ama umekuja kunidanganya?" Mimi ndiye niliyekuwa Shingo. Goti alikuwa mzee mmoja mkubwa wa umbo aliyewahi kuwa na duka la nafaka, na Mkono alikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi. Mwanzoni niliona anatudharau. Mama yangu, aliyekuwa akinisindikiza, ndiye aliyenifungua macho tukiwa tunashuka ngazi.

"Ebu fikiria akuite jina lako lote, hawa wote wakisikia," alisema. "Si watajua mara moja umetoka wapi?"

Alikuwa sahihi. Katika Eldoret ya siku zile, jina la pili lilitosha kumweleza mtu kabila na upande wako, na upande wako ulitosha kukukosesha nyumba. Benchi la Sista lilikaliwa na watu wa pande zote, maana moto wa mwaka ule haukuchagua. Tulikaa bega kwa bega, kila mmoja akilinda kovu lake na kumpima jirani kwa pembe ya jicho. Mgeni akianza kusimulia, Sista alitokeza kichwa mlangoni na kumkata.

"Hapa hatuulizi moto ulitoka wapi. Hapa tunauliza kama umeosha plasta."

Tuliichukulia kuwa hekima. Mzee Goti alisema kama serikali ingekuwa na akili, mama yule angepewa wilaya nzima aitawale. Mimi niliona kitu kingine, ingawa sikumwambia mtu: kwamba aliyesema maneno yale alikuwa ameshika fremu ya mlango kama mtu anayeogopa kuanguka.

Kwetu kulikuwa Langas, mtaa mmoja wa Eldoret. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kufuata kazi, baba akafariki mapema, mama akabaki akiuza dagaa wa omena na mboga. Nyumba yetu ya mbao ilichomwa saa nane mchana, jua linawaka, mama akiwa ameenda kutafuta njia ya kutufikisha kituo cha polisi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimejifungia ndani kama nilivyoagizwa. Karatasi ya nailoni tuliyokuwa tumetandaza chini ya mabati kuzuia vumbi iliyeyuka ikanidondokea shingoni na begani. Miezi iliyofuata niliimalizia hospitalini.

Kidonda kilipofunga nilidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kovu liliinuka, likawa jekundu na gumu, likawasha hata nikatamani kujikuna kwa kisu. Halafu likaanza kuvuta. Wiki baada ya wiki kidevu changu kilisogea karibu na kifua, nikawa natembea mjini nikitazama viatu vya watu. Niliogopa kwamba nitabaki hivyo maisha yangu yote. Na dawa ya hofu hiyo ilikuwa kumpa shingo yangu mtu mwingine niliyemwogopa vilevile. Ndivyo nilivyobanwa, na kwa muda mrefu sikujua hofu ipi itashinda.

Dawa yenyewe ilikuwa plasta ya silikoni: kipande laini, kinachonata kidogo, unachoweza kuona ng'ambo yake. Mama alikishika akakunja uso. "Hii si ni kama ngozi ya samaki kamongo," alisema. Inabandikwa juu ya kovu lililofunga kabisa, kamwe si juu ya kidonda. Siku za kwanza ni saa chache, kisha unaongeza mpaka inakaa karibu siku nzima, mchana na usiku. Asubuhi na jioni unaivua, unaiosha kwa sabuni isiyo kali, unaiacha ikauke yenyewe, unasafisha na kovu, unabandika tena. Miezi na miezi, bila kuruka siku. Kwa wale ambao kovu lao lilikuwa mahali ambapo plasta haishiki, aliwapa silikoni ya kupaka, wembamba tu, iachwe ikauke.

"Kovu likikauka, mwili unadhani kazi bado iko, unaendelea kujenga," alitueleza. "Silikoni inashikilia unyevu. Mwili unaona kumetulia, unawacha."

"Na inaondoa kabisa?" mama aliuliza.

"Hapana, Mama. Haiondoi. Anayetaka liondoke aende kwa wahubiri. Mimi nataka lilale, liwache kuwasha, liwe laini kidogo. Kuna wenye inasaidia sana, kuna wenye inasaidia kidogo. Na kuna wenye hata mimi sijui kama ni plasta ama ni miezi tu imepita. Madaktari wakubwa pia wanabishana."

Sijapata kuona mtu anayeuza kitu hivyo. Mjini palikuwa na watu wakinadi mafuta ya kufuta kovu kwa wiki mbili, na Mkono alikuwa ameyanunua yote. Sista alikataa katakata kuahidi. Kwake uongo kwa mgonjwa ulikuwa dhambi mbaya kuliko wizi. Msemo wake ulikuwa, "Kovu halifukuzwi, linabembelezwa," na alipousema alilipapasa kovu lako kwa kidole gumba, akilibonyeza kwa kipande cha kioo aone kama wekundu unapungua.

Wabishi aliwapa jaribio. Mimi nilikuwa mmoja wao, maana mwoga haamini kitu. Kovu langu la begani alilikatia plasta inayofunika nusu tu, nusu nyingine ikabaki wazi. "Shingo haiwezi kungoja ubishi wako," alisema, "lakini bega ni lako, jionee." Baada ya miezi mitatu alinipa kioo. Nusu iliyofunikwa ilikuwa imelala na kufifia, ile nyingine bado imesimama kama kamba. Naye hakujisifu, alikata plasta kubwa zaidi na kufunika bega lote.

Lakini kabla ya hapo tulimkasirisha. Mama yangu, kama akina mama wengi wa Uasin Gishu, hakuamini ngozi inaweza kupona bila mafuta ya kukamulia. Yale yale ya kupaka chuchu za ng'ombe ndiyo tuliyopaka midomo iliyopasuka kwa baridi, visigino, na mashavu ya watoto. Hivyo kila jioni, kabla ya kubandika plasta, alinipaka mafuta hayo shingoni kwa upendo wote, mengi, mpaka nikang'aa. Plasta ikateleza. Asubuhi tuliikuta kwenye mto, au imenata mgongoni, mara moja tuliikuta kwenye nywele za mama mwenyewe, kwa kuwa tulilala kitanda kimoja. Sista aliona kovu limekaidi, akaona na plasta imejaa vumbi.

"Shingo," alisema kwa sauti ya chini sana, "unaivua?"

"Hapana, Sista."

"Unaivua. Unaniogopa, ndiyo unaivua ukifika nyumbani."

Sikujua kwamba alikuwa amegundua. Nilidhani hofu yangu ni siri yangu peke yangu, na kumbe kila nilipolala pale aliona mishipa ya shingo ikisimama. Mama ndiye aliyeniokoa kwa kulia na kukiri habari ya mafuta. Sista alimtazama, kisha akacheka mpaka akatoa miwani. "Aki Mama, umempaka mtoto kama chuchu ya ng'ombe!" Alicheka, sisi tukacheka, hata Goti kule nje akacheka bila kujua sababu. Kisha akafuta macho, akaniambia polepole, "Kuniogopa si kosa. Lakini uvae plasta."

Nisingekuwa mkweli kama ningesema kicheko hicho kiliponya kitu. Wiki iliyofuata simu yake iliita akiwa ananibonyeza shingoni. Akaipokea kwa mkono wa kushoto na kuongea lugha yao, haraka, kwa sauti ya juu, mkono wa kulia bado ukiwa chini ya taya langu. Nilirudi Langas pale pale. Nilisikia harufu ya nailoni. Nilishika kingo za kitanda na kuomba Mungu, na alipokata simu nilikuwa nimelowa jasho. Alikuwa akimuuliza mtu kama ndama ameshanyonya. Alinitafsiria mwenyewe bila kuulizwa, kisha tangu siku hiyo akawa anazima simu kabla sijalala. Niliona haya. Mtu anayekufanyia hisani huku wewe ukimwona adui anakutia haya kuliko anayekutukana.

Naye alikuwa mwoga, na hili ndilo lililonichanganya. Sista, aliyetuambia tusiogope kutembea na makovu yetu wazi, alifunga mlango wa kliniki kwa ufunguo mchana kweupe. Bati likigonga kwa upepo, aliruka. Mtu akisema "Langas", aliangusha kitu: mkasi, pamba, mara moja kikombe kizima cha chai. Nilikuwa najiuliza yeye ana nini cha kuogopa. Hakuna aliyemchomea. Alikuwa kwao.

Kila uchaguzi ulipokaribia, benchi lilipungua. Mwaka wa 2013 na ule wa 2017 watu walifunga mizigo kimyakimya wakaenda kwao kungoja kura zipite, nasi tukaenda ziwani. Sista hakutubembeleza tubaki wala hakusema hakutatokea kitu. Alikata plasta za kutosha miezi kadhaa, akazitia kwenye bahasha kubwa za kaki, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: GOTI. MKONO. SHINGO. "Kovu halijui kura," alisema akinikabidhi. "Ukikimbia, kimbia na silikoni." Nilikuwa nimeshapita wakati ambao plasta ingenisaidia sana, lakini ngozi ilipokaza au kuwasha nilibandika, na sikuwahi kuondoka bila bahasha yake.

Na shingo ikanyooka. Sisemi ni silikoni peke yake. Alinifanya niinue kidevu kutazama dari mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, nikilia, akisema plasta inalainisha lakini kunyoosha ni kazi ya mwenye shingo. Mwaka wa pili niliweza kutazama juu ya paa za maduka. Kovu lipo, rangi yake imefifia, ukilishika ni kama mshono kwenye nguo nzuri. Nilifungua duka la kutoa fotokopi Chepkoilel, karibu na chuo, wanafunzi wanaleta kazi zao, na wengi hawatazami shingoni mara mbili. Tuseme nilimzoea Sista. Tuseme mwili wangu uliacha kutetemeka hata kabla akili haijakubali. Kumpenda nilimpenda, lakini sikuwahi kulala pale bila kuhesabu hatua za kufika mlangoni.

Baada ya uchaguzi wa 2022 kupita kwa amani, nilisikia amestaafu na sukari imemlemea. Nilinunua majani ya chai na mkate, nikakodi bodaboda mpaka kwake, mbele kidogo ya Chepkoilel. Ilikuwa alasiri. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa bandeji, miwani mipya, sweta ile ile. Alinitazama shingoni kabla ya kunitazama usoni.

"Shingo! Ebu angalia juu."

Nikaangalia juu. Akaridhika. Tukanywa chai, yake bila sukari, akiinywa kama adhabu. Tuliulizana habari za Goti, aliyefariki, na za Mkono, aliyeolewa. Kisha akaweka kikombe chini, kuku wakiparua kando yake.

"Nilikuwa nawaambia hatuulizi moto ulitoka wapi," alisema. "Sasa nataka kukuuliza. Wengine nimewauliza wote, mmoja mmoja. Umebaki wewe."

Nikahesabu hatua za kufika getini, kama zamani.

"Siku ile Langas. Kuna kijana alikutoa ndani?"

Sikuelewa. Akanieleza, akitazama bandeji yake. Siku nyumba za Langas zilipochomwa, mwanawe wa kiume alirudi nyumbani jioni mikono yake yote miwili imeungua. Alimwambia mama yake kwamba alikuwa akiwatoa watu kwenye moto. Sista akamwamini. Ndiye aliyekuwa mgonjwa wake wa kwanza. Kwa ajili ya mikono hiyo ndipo alipoanza kutafuta habari za silikoni, kuuliza, kusoma, kuagiza. Kisha alipofungua kliniki akaanza kungoja. Alikuwa anangoja mgonjwa mmoja tu, wa upande wowote, aseme: kuna kijana alinivuta nje.

"Na niliogopa kuuliza," alisema. "Kila nikikushika hapo shingoni naogopa. Utasema ndiyo, ama utasema kitu kingine."

Nilitaka kudanganya. Nasema wazi, uongo ulikuwa tayari mdomoni: ndiyo, Sista, kulikuwa na kijana, sikumwona vizuri kwa moshi. Ungenigharimu nini? Lakini huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuniambia kovu litaondoka.

"Nilitoka mwenyewe, Sista. Kwa dirisha. Hakukuwa na mtu."

Alitikisa kichwa polepole, kama daktari aliyepewa majibu ya maabara aliyoyatarajia. Kisha, kabla sijapata neno la kumfariji, aligeukia zizi na kuita. Alitokea mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole wa uso, amebeba ndoo ya maziwa. Aliitua, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akanisalimia kwa adabu. Nikampa mkono. Viganja vyake vilikuwa laini na bapa, kovu limelala kabisa, usingejua kama hukuambiwa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yangu.

"Keti," mama yake alimwambia. "Huyu alikuwa Langas. Nataka nikuulize mbele yake, na unijibu mara moja tu. Hiyo siku ulimtoa nani?"

Aliketi kwenye ndoo nyingine tupu iliyopinduliwa. Alinitazama shingoni, muda mrefu, akafuata kovu kutoka sikioni mpaka linapoingia kwenye kola. Mimi nikavuta kola juu.

"Mama," alisema, "usiniulize mbele yake."

Sista hakuuliza tena. Kuku waliendelea kuparua. Baadaye mwanamume yule aliinuka, akachukua maziwa yake akaenda jikoni, na nikasikia akiyamimina polepole kwenye sufuria. Nilikuwa nataka kuondoka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, lakini Sista alinimiminia chai nyingine na mimi nikainywa.